Kadi Uliyoondoka Nayo

Kaka yangu mpenzi,

Huku tupo, mafua tu yanatusumbua. Shemeji yako amepata nyumba anayoitaka. Chumba cha nyuma kina dirisha kubwa. Kabla ya kuomba mkopo wa nyumba, anataka tufunge kadi zote za mkopo tusizotumia, pamoja na ile niliyokupa iwe nauli yako ya kurudi.

“Miaka yote hii hajaigusa,” anasema. “Huyo harudi, mke wangu.”

Jana afisa wa benki katuambia tusiifunge, kwa kuwa ni kongwe na inatujengea sifa ya kukopesheka. Shemeji yako akakubali shingo upande. Nilishukuru kimoyomoyo, maana nilishapanga kumdanganya kwamba nimeifunga.

Mama haulizi tena habari zako. Hilo ndilo linalonitisha.

Itumie, kaka. Wakitunyima mkopo kwa sababu ya deni hilo, na watunyime.

Ni mimi, dada yako