Jiko Lililozimwa na Makande

Kikatiti, Arusha
14 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Anyesi,

Basi moto umezimika tena, na safari hii si mvua wala bomba, ni Fransiska jirani. Nilikuambia kwenye simu mwisho wake utakuwa huu.

Lakini ngoja nikusalimie kwanza, Ndeshi ananiangalia vibaya. Huyu mkwe wangu ndiye anayeandika, mimi naongea tu. Hujambo huko Mwanza? Mguu je? Huku baridi imekaa, mlima hatujauona wiki nzima, na kifua changu kimerudi kulekule. Daktari alishasema moshi niuache. Niuache niupeleke wapi?

Unakumbuka lile shimo letu la biogesi. Fundi alisema mavi ya ng'ombe mmoja hayatoshi, wawili ndiyo moto unakaa. Mimi nina mmoja, Fransiska ana mmoja. Tukachimba mpakani, bomba moja jikoni kwangu, moja kwake. Asubuhi kila mtu na ndoo yake, tunakoroga na maji, tunacheka. Moto wa buluu, sufuria haishiki masizi. Nilikuwa napika loshoro yangu ya mahindi na mtindi nimejifunga kitambaa cheupe cha kanisani, Anyesi.

Sasa mwenzangu akapata wageni wa kipaimara cha mjukuu. Akabandika makande, mahindi makavu hata hakuyaloweka, toka asubuhi mpaka jioni. Mimi kwenda kuchemsha chai, jiko linasema puu, basi. Nikamwita pale kwenye uzio, "Mama Kaanaeli, hayo makande yanapikwa au nayo yanafundishwa kipaimara?" Akanijibu, "Na huyo ng'ombe wako anayekunya kama mbuzi?" Mbele ya wageni. Ng'ombe wangu!

Toka siku hiyo haleti ndoo. Na mimi nikaacha. Yake anamwaga migombani, yangu namwaga migombani, shimo limelala. Tumerudi kwenye mafiga wote wawili, na kuni zenyewe mlimani hawaturuhusu. Akikohoa kule nakohoa huku, ungedhani tunasalimiana.

Walikuja watu wa semina, nishati safi, nishati safi, wakatugawia fulana. Fulana inachemsha chai? Mwanangu Abdiel naye anasema ninunue mtungi. Shimo ninalo, ng'ombe ninaye, jirani ninaye, mtungi wa nini? Hicho ndicho kinachoniudhi. Kila kitu kipo, na bado nalia moshi.

Najua utasema nichume jani la isale nimpelekee, yaishe. Ukiletewa isale hukatai msamaha, tumelelewa hivyo. Lakini kwa nini mimi? Makande yalikuwa ya nani? Tena yeye ni mdogo kwangu. Isale imejaa hapo mpakani, kila nikipita naitazama, narudi ndani.

Haya, msalimie shemeji, na Elimringi, na Anjela mwambie kitenge nilikipata, ila ni kifupi. Mungu awafunike huko kama kuku na vifaranga vyake. Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwenye moshi huu,

Ngoja. Nani anaita? "Mama Abdiel! Hebu toka nje, Mama Abdiel!" Ni yeye. Ndeshi, chungulia, amekuja kugomba? Ana ndoo. Tupu? Imejaa, na juu ameweka jani.

Jani gani? Ndeshi anacheka tu.

Acha kuandika wewe. Nipe kandambili zangu. Na ndoo yangu iko nyuma ya banda.