Tabutany, Mjane, Ng'ombe Ishirini na Wawili

Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Kiprop, mdogo wangu, amepiga. Miezi minne kimya, leo "dada yangu mpendwa". Nikajua kuna kazi.

Kamati ya ardhi kule nyumbani inaandikisha familia zilizoishi kama maskwota, vibarua wenye mifugo yao, kwenye shamba la zamani la Harker. Mzungu aliondoka, wakubwa wakalimeza, kesi ikakokotwa miaka ishirini, sasa linarudishwa vipande vipande. Ekari tano kwa kila jina litakaloandikwa. Sharti moja: uonyeshe mzee wenu kwenye sensa ya maskwota ya 1934. Mwisho tarehe 10 Novemba.

Mzee wetu ni Sitienei, baba yake babu. Tumelelewa na jina hilo! Sitienei alifyeka msitu wa Harker. Sitienei alikuwa na ng'ombe wengi hadi Mzungu akashtuka. Hakuna harusi kwetu inayopita bila yeye kutajwa.

Nimemuuliza Kiprop kama na mimi nitaandikwa. Akacheka. Eti dada, wewe ukipata hiyo karatasi tutakusahau vipi?

Baba alipokufa waligawana shamba wanaume watatu. Mimi kifungua mimba niliambiwa nina kwa mume. Mume nilishaachana naye na walijua. Binti yangu Daisy shule ikifungwa huenda kwa Senge Miriam, shangazi yetu, na kibanda cha Senge chenyewe kiko pembeni mwa shamba la Kiprop. Mkataba wangu hapa Doha unaisha Desemba. Nikirudi nitashukia wapi? Nataka mahali pa kuweka kitanda changu bila kuomba ruhusa kwa mke wa Kiprop.

Nimekubali kazi. Mjinga mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimempata mtu Nairobi, anaitwa Tom. Alikuwa karani wa kumbukumbu za serikali, amestaafu, sasa anawatafutia watu mababu. Anapiga picha kurasa na kunitumia. Aliniuliza jina, umri, shamba. Nikampa: Sitienei, mwanamume, miaka thelathini hadi sitini, shamba la Harker.

Kurasa kumi na nne leo. Nimezisoma kwenye gari la wafanyakazi kutoka bweni letu Muaither hadi kazini Al Thumama, simu imebandikwa puani. Jina, jinsia, umri, watoto, ng'ombe, yote mstari mmoja. Kwa watu karani amekatakata na kufutafuta. Kwa ng'ombe hakuna hata kosa moja! Unaona kabisa alitumwa kuhesabu nini.

Hakuna Sitienei. Mistari ya wanawake nimeiruka ili niende haraka.

Jumapili, 12 Oktoba

Bibi ninayemuuguza, presha imetulia. Binti yake alifurahi, akanipeleka majlisi, ukumbi wao wa wageni, kunionyesha mti wa ukoo wao, umetundikwa ukutani na fremu ya dhahabu. Matawi, majani, kila jani jina. Nilitafuta jina la Bibi. Halipo. La binti halipo. Hakuna mwanamke hata mmoja. Mti mzima wa wanaume waliozaana wenyewe kwa wenyewe!

Nilisema mashaallah. Ningesema nini?

Nilikuwa karibu kuwacheka. Halafu nikakumbuka niko na mti wangu kwenye simu, nimeanza na babu, nikapita kwa baba, nikaishia kwa Kiprop.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tom amepata akina Sitienei wawili. Mmoja ana miaka tisa. Wa pili hana ng'ombe wala mtoto, na ni wa shamba lingine kabisa.

Kiprop anauliza kila siku. Kama mtu anayegonga sahani akisubiri ugali. Nimemjibu bado. Akasema niongeze bidii. Niongeze bidii! Nimesimama masaa kumi na mbili na mgonjwa asiyeweza kujigeuza.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimempata. Hapana. Sijui nimempata nani.

Tumetoka kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, mimi na Milka, nesi mwenzangu wa chumba. Nilikuwa napekua zile kurasa za kwanza kwa mara ya mwisho, yeye anasuka nywele na kuchungulia. Akasema:

"Si huyo hapo Sitienei? Cheki poa."

"Huyo ni mwanamke, Milka. Ni mjane wa mtu."

"Sasa? Kwani wanawake si watu? Soma!"

Nikasoma. Tabutany, mjane wa Sitienei. Jinsia, ke. Umri 42. Mkuu wa kaya. Mume alikufa vitani 1917. Ng'ombe 22. Mstari wa chini: Taplelei, ke, 30, mtumishi. Chini yake watoto watatu wa mtumishi, baba hajulikani. Wa kwanza Kiptoo, miaka 12.

Kiptoo ni babu yangu. Nimemjua, nimekula kwenye sahani yake.

Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Sitienei alikufa 1917. Babu alizaliwa 1922. Yaani yule mzee tunayemwimba harusini alikuwa mifupa miaka mitano kabla ya kuzaa!

Na ukurasa huu niko nao tangu tarehe nane. Nimempita huyu mama mara nne, mimi mwenyewe, mwanamke, kwa sababu ya herufi mbili kwenye safu ya jinsia. Nimeona aibu hadi Milka akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimempigia Senge Miriam. Ana karibu miaka themanini na masikio yake ni mazuri kuliko yangu.

"Senge, Tabutany ni nani?"

Akauliza nani amenitajia. Nikasema Mzungu, kwenye karatasi. Akacheka hadi akakohoa.

Kumbe anajua yote! Sitienei alichukuliwa kubebea jeshi mizigo, hakurudi, hakuacha mtoto. Ndugu yake Birech alitaka kumrithi mjane pamoja na mifugo. Tabutany alikataa. Akatoa ng'ombe wake, akaoa. Alimwoa Taplelei kwa mahari na mashahidi, vile mila yetu ilivyoruhusu mama asiye na mtoto wa kiume. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye mume wa boma. Aliyezaa na Taplelei alichaguliwa na hatajwi. Watoto wakaitwa kwa jina la Sitienei.

Senge anamkumbuka. Anasema alikaa na wazee wa kiume, akanywa pombe kwa mrija wake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia asogee. Msitu wa Harker alifyeka yeye na Taplelei.

"Na Taplelei hakuwa mtumishi wa mtu," Senge alisema. Hapo alikasirika kweli. "Alikuwa mke. Huyo karani hakuuliza, aliandika tu."

"Mbona hamkutuambia?"

"Mliokoka mkaona haya. Baba yako alisema hayo mambo yasitajwe kwake. Nami nilikuwa nakula kwake. Ningesema?"

Jumatatu, 27 Oktoba

Nilidhani Kiprop atafurahi. Nina miaka arobaini na mitano na bado nadhani vitu vya namna hiyo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu: "Dada, mwanamke kuoa mwanamke? Mimi ni mzee wa kanisa! Siku hizi ukisema hivyo watu wanaelewa kitu ingine kabisa."

Nikamwambia ni mila, kila mzee pale anaijua. Akasema wazee wanakufa, kamati ni vijana wa kompyuta. Na watu wa Birech pia wamepeleka madai. Wakiona "mtumishi" na "baba hajulikani" watasema sisi ni watoto wa kijakazi, hatuna letu pale, shamba la Sitienei ni la ndugu yake.

Hapo hajakosea. Ndilo linaloniuma. Amesema ataleta "njia safi".

Jumapili, 2 Novemba

Njia safi imefika. Hati ya kiapo, kurasa mbili, imeandikwa na wakili. Naapa mimi, Jeptoo, niliyeifuatilia sensa, kwamba Sitienei ndiye aliyekuwa mkuu wa kaya. Siku ya kuhesabiwa alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani, ndipo karani akaandika jina la mke mkubwa. Taplelei alikuwa mke wake wa pili. Mwaka wa 1917 ni kosa la karani. Nitie sahihi ubalozini, niitume.

Wamemfufua mwanamume wakampeleka mnadani! Tabutany amebaki mke wa nyumbani aliyejibu hodi.

Ukurasa wa pili ni orodha ya wanaodai. Kiprop. Ndugu zangu wawili. Wana wao wanne, hata yule wa miaka mitatu. Nimeisoma kutoka juu, kisha kutoka chini.

Nilimpigia papo hapo.

"Jina langu liko wapi?"

"Dada, mila yetu unaijua. Mwanamke haandikishwi shamba."

"Mila gani, Kiprop? Juzi mila ilikuwa aibu mbele ya kanisa, leo imeokoka?"

Akajibu kwa ile sauti ya upole anayosomea matangazo kanisani: tukikosa tutakosa wote, usituharibie. Na nikumbuke Senge anaishi kwenye ardhi ya nani. Na Daisy akifunga shule analala wapi.

Nilikata simu. Nilimtengenezea Bibi uji ukaungua. Nimemtukana ndugu yangu kwa Kinandi jikoni kwa watu, yule mpishi Mnepali akanisogezea kiti.

Jumanne, 4 Novemba

Senge amepiga kwa simu ya jirani. Kiprop alikwenda kumwona, akasimama mlangoni, hakuingia. Senge anasema kibanda chake ni cha udongo, kikianguka udongo bado upo. Nisiape uongo kwa ajili yake. Halafu akaongeza, wala usiape ukweli kwa hasira, mwanangu, ukweli wa hasira huchoka njiani.

Rahisi kusema. Sina kingine zaidi ya hasira. Nikiitoa nitabaki na nini?

Milka ananiambia niwaache. "Hao mabro wako ni wajanja, wataku-use tu. Rudi, panga nyumba Eldoret, anza life." Labda. Lakini kila nikifumba macho namwona huyo mama amekaa na mrija wake, na mimi nampita mara ya tano.

Alhamisi, 6 Novemba

Niko Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa hapa Doha, duka la kuchapa hati. Nimeomba ruhusa kazini, nina miadi ubalozini saa saba mchana. Hati ya Kiprop iko kwenye mkoba. Safi, imepangwa vizuri, inangoja sahihi tu.

Asubuhi niliandika nyingine kwa mkono. Nimempa mchapaji, Omari, mwenyeji wa Tanga, mtu mpole wa miwani. Amechapa nakala ya kwanza nilivyoandika, kwa maneno ya sensa yenyewe. Kisha akaisogeza mbele yangu, amezungushia mstari kwa penseli.

"Dada yangu, samahani. Hapa unasema mkuu wa kaya ni bibi huyu, Tabutany. Huyu mwingine ni mtumishi. Halafu chini unasema watoto wa mtumishi ni warithi wa bibi. Inakuwaje? Wataikataa, watakurudisha kwangu, utanilaumu bure."

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Akaniachia karatasi na kalamu nyekundu nisahihishe mpaka arudi kutoka kuswali.

Dakika kumi nimeitazama tu. Ana haki. Ukiisoma kama karani alivyoandika, watu wa Birech wameshinda. Nikitia sahihi ile ya Kiprop, ndugu zangu wameshinda. Kwa vyovyote vile mimi ninarudi Desemba na masanduku mawili.

Nimekata neno mtumishi. Juu yake nimeandika mke.

Nikateremka hadi kwenye warithi. Nimewaandika ndugu zangu wote watatu, Kiprop wa pili. Siwezi kumfuta, hata yeye ni wa Tabutany, ingawa hataki. Wa kwanza nimejiandika mimi, Jeptoo, binti, kwa kuwa ndiye niliyezaliwa kwanza. Ile J imekaa vibaya. Shahidi: Senge Miriam, alimwona Tabutany kwa macho yake. Nilimuuliza kabla ya kuandika. Alisema andika, na uandike majina yake yote mawili ya ubatizo.

Nikiapa hivi na kamati ikakataa, hakuna atakayepata hata kiwanja, na watasema ni mimi hadi kaburini. Kibanda cha Senge kitakuwa cha kwanza.

Omari amerudi. Amesoma masahihisho yangu, amekaa, ameanza kuchapa. Sasa amesimama katikati. Anaonyesha kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Sawa, dada. Kama huyu Taplelei ni mke, hapa lazima nijaze. Mume wake nimwandike nani?"

Simu inatetemeka mezani. Kiprop, mara ya nne. Vidole vya Omari viko juu ya kibodi, ananingoja, na mimi naandika haya badala ya kumjibu. Jibu ninalo tangu siku Senge aliponisimulia. Anakohoa kidogo, kwa adabu. Anauliza tena, dada, nani —