Mfuniko wa Sufuria Ndani ya Wingu

Fort Portal, Uganda

Mama yangu wa Shari, hapo Bunia,

Amani iwe kwako na kwa wote wanaolala chini ya mabati yako. Mguu unaendeleaje? Uvimbe umeshuka kweli, au unajifanya mzima mbele ya watu wa kanisa? Na Mado, mdogo wangu, ameacha kukohoa? Mimi niko mzima, ila baridi inanitesa, na ndizi zao za kupondwa za kila siku zimenifanya niote sombe yako, yale majani ya muhogo, mchana kweupe.

Dieudo kaka yangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua.

Mama, utauliza kwa nini naandika wakati simu iko. Naandika kwa sababu simu unaikata. Kila nikitamka neno pori, unasema mtandao ni mbaya, halafu kimya. Barua haikatwi. Nimempa shangazi, ambaye anavuka ziwa na vitenge vyake, na nimemwomba akae hapo nyumbani mpaka Dieudo amalize kusoma.

Sijasahau neno lako siku nilipokuaga: "Mutoto wangu hatalala tena mu pori. Tulishalala kule, inatosha." Na nilipokueleza kwamba nimechagua kusoma mimea, ulicheka ukasema, "Kama ni majani, iko mingi hapa nyuma ya choo. Kuja usomee hapa."

Basi nimeenda porini, Mama. Keti kwanza, usisimame. Nimerudi na miguu yote miwili.

Kalasi yetu nzima ilipelekwa kwenye milima ya Rwenzori, katika msitu ambao unaishi ndani ya wingu. Huko hata mvua isiponyesha, majani yanadondosha maji siku kutwa. Miti ina ndevu ndefu za kijivu, na magogo yamevikwa zulia la vimea vya kijani, nene kama godoro. Ukilikamua kwa mkono, maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu wetu, ambaye siye wanafunzi tunamwita Dokta, alituambia kwamba miti ile inalishika wingu na kulinywa, na yanayobaki yanashuka mpaka mto Semliki. Nikajisemea kwamba kumbe maji yanayopita upande wa Boga, kwa mjomba, yanaanzia kwenye ndevu hizi. Nilifurahi sana, Mama. Sijui nikuambieje. Nilisimama na matope hadi magotini, meno yakigongana, nikajua kwamba kazi yangu ni hii.

Dokta ni mtu mnene, anapenda kutukataza kila kitu. Usiache kundi, usishike hiki, usipite pale. Siku ya tatu, tukiwa tunapika chakula cha mchana, akaona kinyonga mwenye pembe tatu usoni, akamfuata na kamera yake akisema anarudi sasa hivi. Wingu likashuka. Tulikuwa tunaonana kutoka moto hadi hema, mara nikawa sioni hata mkono wangu. Dokta hakurudi. Chini ya njia ile kuna korongo refu ambalo yeye mwenyewe alikuwa ametuonyesha asubuhi. Tuliita, na sauti zetu zikazunguka kila upande. Wenzangu wakaanza kulia, wengine wakataka kukimbia kumtafuta, na kiongozi wa njia akawakataza kusogea hatua moja.

Mama, mimi sikufikiri. Nilichukua mfuniko wa sufuria na mwiko, nikaanza kupiga. Moja, kisha mbili za haraka. Moja, kisha mbili za haraka. Mlio wako. Ule uliokuwa unatupigia kule kwetu Djugu, ukungu ukifunika vilima na siye tuko mtoni na madumu, na kila mtoto alijua mfuniko wa mama yake.

Nilikuwa sijausikia tangu tulipokimbia. Naomba uvumilie niseme jambo ambalo hatusemi nyumbani. Nilikuwa mdogo, lakini masikio yangu yalikuwa makubwa. Asubuhi ile wavamizi walipochoma kijiji, baba alirudi kuwafungua mbuzi wasiungue, na ukungu ukashuka nyuma yake. Wewe ulitufunga siye watatu kwa liputa lako, kile kitenge cha kiunoni, tusipotee. Sufuria ilikuwa kichwani, na mfuniko uliushika mkononi. Hukupiga. Baadaye, tukiwa tayari Bunia, nilikusikia ukimwambia shangazi, "Ningepiga tu, angesikia. Angekuja." Tangu siku ile sufuria zako unazifunika kwa sahani. Watu wa Shari wanadhani ni umaskini. Mado pia anadhani hivyo. Mimi najua.

Sasa sikiliza kilichotokea kule mlimani. Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi, na waliotokea kwanza hawakuwa Dokta. Walikuja wapagazi wa kundi la wageni waliokuwa mbali chini yetu, watu tusiowajua kabisa, wakitweta. Wakafuata walinzi wawili wa msitu na bunduki zao. Mpagazi mmoja alidhani chakula kimeiva na tunakaribisha watu, hata sahani yake alikuja nayo. Wote hao walikuwa wamefika na wanaota moto wetu, ndipo Dokta akatoka ndani ya wingu, matope mpaka kwenye miwani, kinyonga ameng'ang'ania mkono wa koti lake. Alisema mlio aliusikia tangu mwanzo, ila mwanzoni ulitoka kila upande, ikabidi atambae polepole mpaka aujue.

Wenzangu walicheka na kumkumbatia. Mimi niliketi chini na kulia mpaka wakadhani nimeungua. Nilikuwa nimewatazama wale walinzi na bunduki zao, watu wema waliokuja kusaidia, na nikaelewa. Mfuniko hauchagui masikio, Mama. Asubuhi ile ungepiga, baba angesikia, ndiyo. Lakini wale wengine pia wangesikia, na walikuwa karibu kuliko yeye. Wangefika kwanza. Mtoto wa kukuandikia barua hii asingekuwepo, wala Dieudo wa kukusomea, wala Mado wa kukohoa. Hukumwacha baba. Ulituokoa siye. Miaka hii yote nilitaka kukuambia hivyo, sikuwa na maneno mpaka siku ile.

Dieudo, kama Mama analia, ngoja kidogo, halafu endelea.

Dokta sasa ananiita fundi ngoma, na ananiheshimu kuliko ninavyostahili. Kabla hatujashuka aliniuliza kama baada ya mitihani ningeweza kukaa mwaka mmoja kwenye kituo cha huko juu, pamoja na msichana mwenzangu wa kalasi, kupima maji ambayo miti inayakamata. Kutoka hapo ningeweza kuendelea na masomo ya juu. Bila mwaka huo nitarudi na cheti cha kuning'iniza ukutani. Kuna nyumba ya mbao yenye mlango unaofungwa na walinzi wapo, lakini sitakudanganya: ni porini, na nitalala huko. Nilimjibu kwamba kuna mtu wa kuulizwa kwanza. Akauliza kama ni mume. Nikamwambia huyu ni zaidi ya mume.

Nisalimie mjomba wa Boga, mwambie maji yake nimeyaona yalikozaliwa. Nisalimie mama mchungaji aliyeniombea safari, na jirani yetu mshonaji, na yule bibi wa mlango wa pili anayeniuliza kila likizo kama nimeshapata mchumba. Mwambie nimepata kinyonga. Mado, wewe nenda hospitali, usiogope sindano.

Shangazi ana kitu chako, kimefungwa kwenye gazeti. Ni mfuniko wenyewe. Nimeukunja kwa mwiko, na mpishi wa kalasi amesema haufuniki tena sufuria yoyote, niuchukue.

Sasa jibu lako. Kama ni hapana, niambie kwa simu, nitasikia na sitakasirika, nitarudi Shari. Lakini kama unakubali, usiseme kitu, maana utalia na mimi nitalia, na tutasingizia mtandao. Mwambie Dieudo ashike simu karibu, kisha upige huo mfuniko. Moja, na mbili za haraka. Hapa hakuna mtu mwingine wa kusikia, Mama. Ni mimi tu.

Mtoto wako,
Espe