Mpini wa Kisu cha Mama Mkwe

Mpendwa mama mkwe,

Naomba kuwatangazia wote, wa karibu na wa mbali, kuanzia Horohoro mpaka Mkwaja, wakubwa kwa wadogo, wenye visu na wasio na visu, ya kwamba mpini umelegea tena.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo. Marahaba siisubiri. Hata ulipokuwa hai uliitikia ukiwa nyuma ya pazia, nami nimekaa barazani nimekodolea macho viatu vyangu, kama inavyompasa mkwe mwenye haya zake.

Unakumbuka ulivyonikataa? Wewe Ngamiani nzima, pale Tanga mjini, ilikujua, na ulitaka binti yako Zuhura aolewe na mtu mwenye duka. Ukaletewa mimi, Mbondei wa Muheza, kazi yangu kutia mipini majembe na visu kwenye shamba la mkonge. "Mtu wa mipini!" ulisema, na wala hukunong'ona. Ndoa ilifungwa kwa sababu baba mkwe alikuwa mpole na Zuhura hakuwa mpole. Lakini wewe hukuniita mkwe. Nilikuwa "yule mume wa Zuhura," basi.

Kisha Ijumaa moja, nimetoka msikitini nimekuja kukusalimu, kisu kikapenyezwa chini ya pazia, mpini mbele.

"Zuhura, mwambie mumeo kisu cha watu kinacheza kama jino la mtoto."

"Zuhura, mwambie mama nimesikia."

"Mwambie asije akakiharibu zaidi."

"Mwambie kisu hakilowekwi. Kikioshwa kifutwe, kiwekwe kivulini."

Zuhura akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mmesikizana. Mimi nina chungu jikoni."

Nikachonga mpini mpya wa mkwaju, kile kiini cheusi cha ndani. Nikayeyusha sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti, nikaichanganya na unga wa tofali, nikaimimina tunduni. Nikakipasha moto kile kimkia cha chuma kinachoingia mtini, nikakisukuma taratibu mpaka kikatulia. Mwisho nikaupaka mpini mafuta ya nazi, kidogo tu, nikaufuta kwa kitambaa, nikakuagiza kupitia pazia: kila Ijumaa tone moja.

Wewe na tone moja! Uliuogesha mpini ule mafuta kama bibi harusi. Panya wakaisikia harufu yake, wakaja wakautafuna. Jirani yako Bi Mwanaidi alipouona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi gani huyo, shoga, anayetengeneza mipini ya kuliwa na panya?"

Nilikuwa barazani, nasikia kila neno. Nikangoja unimalize. Ukasema, "Panya wa kwako wanakula sabuni kwa dhiki. Wa kwangu wanaijua kazi ya mkwe wangu."

Mkwe wangu! Siku ile niliisukuma baiskeli mpaka Kange, nimesahau kuipanda, Zuhura akifuata nyuma akiniuliza kama tumepata pancha.

Nikakutilia mpini mwingine, ukalegea. Nikautengeneza, ukalegea. Kwenye mkonge watu walikata majani kutwa kucha kwa mipini yangu na haikutikisika, lakini kisu chako, kisichotoka jikoni, kililegea karibu kila Ijumaa. Nami kila Ijumaa nikaja, nikapewa kahawa, nikapewa kashata, nikaulizwa kupitia pazia kama kwetu Muheza mvua imenyesha.

Matanga yako yalipokwisha, Zuhura aliniketisha akaninong'oneza kwamba kila Alhamisi ulikuwa ukikitumbukiza kisu kwenye ndoo ya maji. Ulikuwa ukimwambia, "Kesho atakuja. Usimwambie."

Maskini, alidhani ananipa habari. Mama, mimi kazi yangu mipini. Mti uliolala majini huvimba, ukikauka huacha nafasi. Nikiushika tu naujua. Niliujua wako tangu mwanzo. Nikaendelea kukukemea mambo ya kuloweka, nawe ukaendelea kujibu, "Mwambie mipini ya siku hizi haidumu," na sote wawili tukawa tumeridhika.

Walipogawana vitu vyako, shemeji zangu walibishania kitanda na redio. Kisu waliniachia bila maneno.

Sasa kiko kwangu, na hakuna anayekiloweka. Kimelegea kwa ukavu tu, maana tangu uondoke sikupata moyo wa kukitia mafuta. Zuhura anataka nikipigilie misumari, kisilegee tena maisha. Kwa ufundi, ana haki. Leo asubuhi nikashika nyundo, nikaiweka chini, nikaishika tena. Mpini ukikaza kabisa, Ijumaa nitakuwa na kazi gani?

Misumari nimeirudisha koponi. Nimeyeyusha sandarusi kama zamani, nimekisukuma kimkia mpaka kikatulia. Mafuta nimetia tone moja. Haya, mawili. Na kisu nimekining'iniza darini kwa uzi, panya wasikifikie, ingawa wa kwangu sidhani kama wana ujuzi wa wale wa kwako.

Pumzika mama, huko ambako natumai hakuna pazia.

Ni mimi,
mkwe wako, mtu wa mipini

Nilitaka kusahau: leo Zuhura amejaribu kukatia kitunguu. Kisu hakikati. Anasema tangu yeye mtoto, hakijapata kukata.