Taa Utawasha Wewe, Ba

Nyali, 15 Septemba 2025

Twaiba mwanangu,

Hujambo? Bushra meno yametoka? Mimi nyonga inaunga polepole, bado natembea kwa kushika ukuta. Tangu mwanangu Nilesh anihamishie kwake mwezi wa sita, mchana sina wa kuongea naye.

Jumatatu ijayo zinaanza siku tisa za Mataji, Mama yetu tunayemwabudu. Miaka arobaini sijakosa kumfungulia mlango nyumbani kwangu Msambweni. Huku mwanangu hataki moto ndani, anaogopea mapazia. Ufunguo unao. Nifanyie: udongo safi, shayiri juu yake, mtungi wa shaba wenye maji, majani matano ya mwembe, nazi. Kisha uwashe taa ya samli kabla ya saa mbili asubuhi. Umeniona nikifanya miaka saba, tangu uwe jirani yangu na kuanza kuniita Ba, mama kwa Kigujarati chetu.

Ba wako

Msambweni, 17 Septemba

Shikamoo Ba,

Sisi wazima, ila usingizi hatuujui. Bushra ananing'ata ziwa, na babake yuko Wasini mpaka mwisho wa mwezi. Siku nyingine hupita sijasikia mtu akiniita jina.

Chumba nitakisugua. Shayiri nitapanda, kupanda ni kupanda tu. Taa sitawasha, Ba. Hiyo ni ibada, na yangu mimi ni nyingine, wajua. Ningeweza kukuambia nimewasha, na usingejua. Sitaki kukudanganya.

Mwanao Twaiba

Msambweni, 19 Septemba

Shikamoo Ba,

Siku mbili kimya. Umenuna? Wewe ukinuna hata chai hunywi. Nani anakubembeleza huko?

Mwanao

Nyali, 20 Septemba

Marahaba.

Nimenuna, ndiyo. Chai nimekunywa, ya Nilesh, kama maji ya kuoshea vikombe. Umesema kweli, ndiyo maana imeniuma. Basi, mwaka huu Mataji atapita nje.

Ba

Msambweni, 21 Septemba

Shikamoo Ba,

Hapiti nje. Shayiri nimeipanda kwenye karai dogo. Mtungi, nazi, majani, taa, utambi na samli viko kikapuni. Kesho nikishaswali alfajiri natoka, nikuletee mpaka mlangoni. Taa utawasha wewe. Kaka Nilesh akiwa na neno, aniambie mimi.

Mwanao Twaiba

Nyali, 22 Septemba

Twaiba mwanangu,

Umefika salama? Sauti yako ilipanda ngazi zote: "Kaka, mama yako hakukuomba gari. Amekuomba kiberiti."

Nilesh ameleta karai na kikapu juu, hanitazami. Alitaka kuniwashia, nikakataa. Vijiti vinne vimevunjika. Cha tano kimeshika, saa mbili kasoro dakika sita.

Nikamwambia akuite unywe chai. Akasema umeshaondoka, mtoto alikuwa akilia. Nimejivuta mpaka dirishani, nikakuona ng'ambo ya barabara, Bushra mgongoni. Nimekuita kwa nguvu zangu zote. Magari yalikuwa mengi.

Taa inawaka vizuri. Nilesh ameenda kazini, na hapa sina wa kumwambia: "Hebu itazame."

Ba wako