Sauti Anazoziweka Matar

Kiponda, Mji Mkongwe
Unguja

Ndugu yangu Abrahman,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umekupa nafasi ya kulala, na joto la Maskati halijakushinda. Mimi sijambo kwa kiasi cha umri wangu. Goti la kushoto halipendi ngazi, na nyumba hii, kama unavyoijua, haina kitu ila ngazi. Binti yako Yusra hajambo kwa hali aliyonayo, anakusalimu. Nduguye Matar pia hajambo. Silima wa kahawa anakuulizia. Anasema tangu uondoke hana mtu wa kubishana naye anayestahili kushindwa.

Utashangaa kuletewa karatasi mkononi na mtoto wa jirani yetu Bi Maisara, na hali simu ninayo na kuitumia naweza. Katika nyumba hii, ndugu yangu, kinachosemwa kwenye simu hakiishii kwenye simu. Nitafika huko. Nimetaka upate kitu utakachokisoma peke yako, kimyakimya.

Masika yameangusha lipu ya ukuta wa uani, fundi ameahidi kuja na bado anaahidi. Matar anaendelea kama ulivyomwacha. Mchana hukaa kwenye ngazi, mahali pake pa siku zote, akarudia anayoyasikia. Wewe umemlea, umeshazoea. Mimi niliyerudi mwaka jana, baada ya kuzeekea ugenini, bado hunishangaza. Lake mwenyewe hasemi. Husema la mtu, kwa sauti ya mtu huyo, na pumzi zake. Hupiga honi ya boti ya Dar es Salaam mpaka wapita njia wakatazama saa zao. Juzi alikaa mlangoni akasoma tanzia aliyoisikia redioni, sawasawa na mtangazaji, na marehemu alikuwa Silima mwingine, wa Makunduchi. Silima wetu akaja na birika mkononi, akamuuliza kwa adabu maziko ni saa ngapi. Matar akaendelea na tangazo: baada ya sala ya Alasiri. Silima akasema alhamdulillahi, basi nna wakati wa kuuza birika moja zaidi. Baraza zima lilicheka.

Na kila asubuhi, nikiwa bado kitandani, namsikia marehemu Tahiya akiita kutoka ngazini: "Matar, chai inapoa, baba." Mkeo huyo sikuwahi kumwona ila kwenye picha, lakini sauti yake sasa naijua. Nakuambia hili kwa sababu sauti ya mama yetu imenitoka. Nilipoondoka hapa nilikuwa na miaka kumi na sita, wewe ukijifunza kutembea. Naikumbuka mikono yake, naukumbuka udi wa kanga zake, hata maneno aliyonambia siku ile nayajua yote. Lakini nayakumbuka kama yaliyoandikwa. Hayana sauti. Nikimsikia Matar humwonea wivu.

Sasa ya Yusra. Ulipoletewa habari ya mimba ulifurahi, na sisi tulifurahi. Kisha mavyaa wake, mama wa mumewe Amour, alikuja kutoka Ng'ambo. Bi Mwanakhamis alikaa ukumbini bila ya kuvua baibui, nikajua hakuja kunywa chai. Alisema kwamba siku ya posa alipokelewa vizuri, akala halua, akaonyeshwa watu wote wa nyumba, na hakuna aliyemwambia kuwa yuko mmoja amepelekwa Bububu kwa jamaa ili asionekane. Alisema yeye alikuja kuposa mke wa mwanawe, hakuja kukata bahati nasibu. Matar alikuwa ngazini na yote yalipita juu ya kichwa chake, kama tulivyozoea kuyapitisha. Mwishowe akasema amesikia Bara Hindi kuna kipimo cha usonji, mtoto akiwa bado tumboni, na kwamba Yusra asipokwenda kupima, litakalozaliwa atalilea mwenyewe. Alipokuwa akitoka nilimwona anafuta macho. Si mwanamke mbaya. Anaogopa, nasi tulimdanganya.

Nilimpeleka Yusra kwa daktari mmoja pale Mlandege, mwanamke kijana asiyependa kumzungusha mtu. Alituambia kipimo cha namna hiyo hakuna. Kuna maji yanayochukuliwa kwa sindano katika tumbo la mzazi, yakatazamwa vinasaba vyake. Lakini wengi walio kama Matar hawaonekani na kitu humo, na wapo wanaoonekana na kitu wakazaliwa wakawa kama wewe na mimi. Sindano yenyewe, mara chache, huiharibu mimba. Yusra aliuliza, kikionekana kitu, dawa ipo? Akajibiwa haipo. Akauliza, basi hupimwa kwa nini? Daktari alisema wengine hupima ili wajitayarishe. Wengine aliwaanza, hakuwamaliza.

Niliyasema yote hayo kwako. Ukanijibu kuwa wakala wa safari za matibabu amekwambia vingine, na tikiti ukaileta. Sikubishana nawe, na leo pia sikulaumu. Nimeishi humu muda wa kutosha kuona. Nilikuwepo siku umeme ulipozimika na redio ikanyamaza, Matar akapiga kichwa kwenye mlango mpaka misumari ya shaba ikawa na damu, na tulimshika watu watatu, mimi, Yusra na Silima, na hatukumweza. Ni mwanamume mzima sasa. Yusra ana kovu la meno mkononi, huvaa saa juu yake. Tahiya aliyabeba hayo miaka yote bila ya kupumzika, na wewe unaamini ndiyo yaliyomuua. Siwezi kukwambia si kweli. Mimi nikifa, na Yusra ana kichanga mkononi, Matar atashikwa na nani? Nimesoma mengi kuhusu jambo hili kwa lugha za watu, ya wanaotafuta dawa na ya wanaosema watu hawa waachwe kama walivyoumbwa. Kila upande una haki yake. Ila wote hao hawakuwepo siku ile ya redio.

Kwa hiyo nilinyamaza, na Yusra akafunga begi. Mimba ilikuwa inakaribia mwezi wa nne, naye alijua, kama sote tulivyofunzwa chuoni tukisoma Kurani, kwamba ukitimia roho hupulizwa. Alitaka jawabu alipate kabla ya hapo.

Asubuhi ya safari tulikaa kunywa chai, begi liko mlangoni, tunamngoja Amour na teksi. Matar, ngazini, akaita kwa sauti ya mama yake kwamba chai inapoa. Yusra alitabasamu kidogo, kama afanyavyo kila siku. Kisha, bila ya Matar kuvuta pumzi, mwanamume akajibu.

Nilisimama, Abrahman. Nilidhani umerudi.

Sauti ilikuwa yako. Ilisema: "Kapime, mwanangu. Lau mimi na mama yako tungekijua kipimo hiki, Matar tusingemzaa, na mama yako angekuwa hai." Na mwisho kile kikohozi chako kidogo, cha mtu aliyemaliza kusema asichokipenda.

Ni ujumbe uliomtumia Yusra kwa simu. Aliusikiliza jikoni, mikono ikiwa kwenye unga, simu iko juu ya meza na sauti imefunguliwa. Akaurudia mara ya pili kwa kuwa mafuta yalikuwa yakilia kikaangoni. Hakukumbuka kuwa kuna mtu mwengine ndani ya nyumba. Hakuna kati yetu anayekumbuka.

Matar ameelewa nini, sijui. Sikuona hasira usoni mwake wala huzuni. Aliyasema kama anavyoyasema ya chai, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Tangu uende Maskati hujamwita kwenye simu, kwa sababu hajibu. Nakufahamu, hata mimi ningechoka. Lakini ndiyo kusema hayo ni maneno yote aliyoyapata kwa baba yake kwa miaka miwili. Ameyapokea na kuyaweka.

Yusra alilichukua begi akaanza kutoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini. Amour alipofika alimwambia haendi. Baadaye akanambia nisimdhanie kuwa amekuwa shujaa. Alisema anaogopa, kila akisali humwomba Mungu mtoto asiwe kama Matar, na akishaomba huona haya kupita mbele ya ndugu yake. Kisha akasema, "Baba mkubwa, nikirudi na jawabu, nitapita wapi? Ngazi ya nyumba hii ni moja."



Amour yuko kwa mama yake. Hakutoa talaka, anasema apewe muda. Huja jioni, husimama mlangoni, huuliza hali, huondoka. Mimba imeshaingia mwezi wa tano, na atakayezaliwa atakuwa wa namna gani hakuna ajuaye, wala hakukuwa na wa kutuambia. Na kila asubuhi sasa nasikia wawili. Tahiya anaita, nawe unamjibu. Hapo Yusra hunyanyuka akaenda uani mpaka yaishe.

Nimejaribu kumpa Matar maneno mengine. Nimekaa naye ngazini nikamsomea kwa sauti, nikamsimulia habari za babu yake. Hakuchukua hata neno. Huchagua mwenyewe sauti za kuweka, na yangu mimi ni sauti ya mgeni.

Ndiyo sababu ya barua hii. Sikuombi umtake radhi, wala sikuambii ulichosema hukuwa na haki ya kukihisi. Nakuomba umtumie ujumbe kwa simu, yeye, kwa jina lake. Mwambie lolote. Muulize kama ameshakunywa chai. Sema taratibu, na kikohozi kikija kiache kije. Nitaufungua jikoni asubuhi, sauti juu, yeye akiwa ngazini. Lile la kwanza halitamtoka, najua, alichokiweka hakitupi. Lakini mama yake akiita, lipatikane na jibu lingine.

Bi Maisara anakusalimu, na Silima anasema kiti chako barazani hakijakaliwa na mtu. Yusra hajui kuwa nimekuandikia. Mungu akuhifadhi huko uliko, akupe usingizi.

Wasalaam,
kaka yako,
Himid