Masharubu Yangu na Maji ya Mama

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa wangu wote. Natumaini mgongo wako umetulia. Sisi huku tunapumua. Kwa nini nasema tunapumua badala ya hatujambo, utaelewa mbele.

Kwanza, kwa niaba ya familia nzima na kwa huzuni kubwa, natangaza kuondokewa na masharubu yangu. Yametutoka Jumatatu asubuhi, mbele ya kioo cha choo cha kazini, kwa wembe wa kuazima. Mama alipouona mdomo mtupu alisema sasa ameelewa kwa nini marehemu baba alinishauri niyafuge.

Kisa ni kazi. Kile kituo cha mafuta nilichozeekea kwenye pampu kimefungwa. Tangi moja la petroli lililofukiwa chini lilitoboka kwa kutu, likawa linavuja taratibu bila sisi kujua. Sasa kuna kampuni inasafisha. Wanachimba udongo, unatoka mweusi unapakiwa kwenye malori. Tena wametoboa visima vyembamba, wanavuta maji ya ardhini na kuyapitisha kwenye mapipa ya mkaa yachujike. Mhandisi wao anasema itachukua miaka. Mimi wamenipa kibarua kwa kuwa najua mabomba yalikopita, na anayeshuka shimoni huvaa barakoa ya mpira, ambayo haishiki kwenye uso wenye manyoya.

Kabla ya kushuka, fundi wa usalama huipima hiyo barakoa. Ana kitambaa chenye dawa inayonukia ndizi mbivu. Unakinusa kwanza uso mtupu, uijue harufu. Kisha unavaa, na ukiisikia tena, barakoa inapitisha hewa. Wenzangu walicheka, mmoja akauliza mkungu wenyewe umefichwa wapi. Zamu yangu ikafika. Nikavuta pumzi, bado uso mtupu. Dada, sikusikia kitu. Nikavuta tena hadi kitambaa kikanigusa pua. Fundi akauliza nimekaa na petroli muda gani, nikamjibu tangu nikiwa na nywele. Hakucheka. Alisema pua za watu wa pampu huchoka, na nyingine huzimika kabisa mwenyewe asijue.

Hapo nikakumbuka maji ya nyumbani. Kisima cha mama kiko nyuma tu ya ukuta wa kituo, na katika barua iliyopita nilikuhakikishia kwamba mafuta hayajafika kwetu, nimepima mwenyewe. Kipimo chenyewe kilikuwa pua hii. Hata wapimaji wa kampuni walipotaka kuanzia kwetu, niliwaambia waanze upande wa pili, huku kwetu kuko salama.

Nilikimbia nyumbani, nikamwita jirani yetu fundi cherehani, nikamwomba anuse ndoo ya maji ya kisima. Aliruka nyuma na kujiziba uso kwa mtandio.

Sasa nikueleze ukweli wote. Mama alinilalamikia mara mbili kwamba maji yana ladha ya mafuta. Mara zote nilinusa kwa mbwembwe, nikamtania kuwa uzee umehamia kwenye ulimi. Akaendelea kuyanywa. Ule uchovu wake, na yale madoa meusi mikononi niliyokuandikia kuwa anajigonga milangoni, daktari anasema ni damu haitengenezwi inavyopaswa. Chanzo bado hajakisema, na mimi naogopa kumuuliza.

Jana nilimwambia mama kila kitu. Alinitazama sana, akasema harufu aliisikia tangu mwanzo. Ila mwanawe amelelewa na petroli, angeikosaje? Akaona bora aamini kwamba yeye ndiye aliyeharibika. Kisha akanyoosha mkono kwenye kikombe cha maji kwa mazoea, akaurudisha mapajani.

Hospitali kubwa amekataa kwenda. Anasema atakwenda na wewe. Njoo, dada, usingoje mwisho wa mwezi. Ukifika mlangoni nitukane kadiri utakavyo, lakini kwanza uninusie maji haya ya kununua ninayompa, maana mimi sijui tena ninampa nini.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukimwita Masharubu